Kudumu au Kudumishwa? Kiswahili cha Kuelezea Uzuri Baada ya Maangamizi, kutoka Kanisa Kuu la Rouen hadi Imigongo ya Nyarubuye

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna Kiswahili kinavyoeleza uzuri uliovuka vita na maangamizi. Inaanzia katika zoezi la darasani mjini Kigali, ambapo wanafunzi walieleza kwa maandishi nakala ya picha ya Kanisa Kuu la Rouen iliyochorwa na Claude Monet. Kisha inaelekea kwenye sanaa ya imigongo, iliyofufuliwa na wanawake wa mashariki mwa Rwanda baada ya mwaka 1994. Hoja yake ni ya kisarufi na ya kimaadili kwa pamoja: vitenzi kama -dumu, -salia na -nusurika humficha mtenda, na hivyo huviachia vitu sifa ambayo ni ya watu. Inapendekezwa kwamba waandishi wa matini za kumbukumbu kwa Kiswahili nchini Rwanda waichunguze kauli ya kitenzi kabla ya kuteua vivumishi.

1. Utangulizi

Zoezi lenyewe lilikuwa la kawaida. Niliwagawia wanafunzi wangu, hapa Kagarama, nakala ya picha ya Monet inayoonyesha uso wa kanisa kuu la Rouen, nikawaambia waieleze kwa aya mbili: kwanza kile kinachoonekana, kisha historia yake, ambayo nilikuwa nimewasimulia kwa ufupi. Lengo langu lilikuwa msamiati wa majengo. Nilitaka kuona kama wangefika penye tao lenye ncha, mbavu za dari na vioo vya rangi bila kukimbilia Kifaransa.

Walifika, wengi wao. Kilichonisimamisha ni sentensi iliyojirudia katika daftari baada ya daftari, kwa maneno tofauti kidogo: kwamba vita vilipita lakini uzuri wa kanisa ulidumu. Mwanafunzi mmoja, ambaye familia yake inatoka upande wa Kirehe, hakuiandika. Aliandika kwamba kanisa lilijengwa tena, akaweka nukta, na pembeni akaongeza kwa penseli swali: "Mwalimu, ulidumu wenyewe?"

Makala hii ni jaribio la kulijibu swali hilo. Sidai kwamba daftari za darasa moja ni data ya kutosha kwa utafiti wa kitakwimu. Nadai tu kwamba swali la penseli liligusa mahali ambapo sarufi ya Kiswahili na historia ya nchi hii zinakutana. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, mahali hapo pamekuwa jambo la kazi. Mtu anayetafsiri kibao cha eneo la kumbukumbu hukabiliana na uamuzi huo katika kila mstari.

2. Picha, jengo, na mabomu

Monet alichora zaidi ya picha 30 za kanisa hilo. Alifanya kazi Rouen mwaka 1892 na 1893 akiwa katika vyumba vilivyotazamana na jengo, kisha akazimalizia nyumbani kwake Giverny. Mwaka 1895 alionyesha 20 kati yake mjini Paris. Jengo ni lile lile katika picha zote. Kinachobadilika ni saa na hali ya hewa. Kuna asubuhi ya kibuluu, kuna jua kali la mchana ambalo huligeuza jiwe kuwa kama unga wa dhahabu, kuna siku ya mawingu ambapo milango mitatu huonekana kama mapango. Rangi yenyewe imepakwa kwa unene, tabaka juu ya tabaka, hata uso wa turubai ukawa na mikwaruzo na vinundu kama ukuta uliopigwa lipu. Nawaomba wasomaji wauweke akilini unene huo, maana nitaurudia.

Katika baadhi ya picha hizo, upande wa kushoto, unaonekana Mnara wa Saint-Romain. Aprili 1944 mabomu yaliliangukia kanisa na kuvunja sehemu ya ubavu wake wa kusini. Mwanzoni mwa Juni mwaka huo moto uliukumba mnara huo, na kengele zake zikayeyuka. Ndege zilizodondosha mabomu zilikuwa za Washirika, yaani wale wale waliokuwa wakija kuikomboa Ufaransa. Ukarabati ulichukua miaka mingi baada ya vita.

Sasa tutazame namna tatu za kulisema jambo hilo kwa Kiswahili. Tunaweza kusema mnara uliungua. Tunaweza kusema mnara uliunguzwa. Tunaweza kusema mnara uliunguzwa na mabomu ya Washirika. Zote tatu ni za kweli na zote ni sanifu. Lakini ya kwanza inamwacha msomaji akidhani labda mshumaa ulianguka. Ya pili inamwambia kwamba yupo aliyeunguza. Ya tatu tu ndiyo inayomlazimisha kukaa na ukweli usiostarehesha, kwamba mkono uliounguza ulikuwa mkono wa rafiki. Kila mwanafunzi aliyetaja moto aliandika uliungua. Siwalaumu, hata mimi nilikuwa nimewasimulia kwa kitenzi hicho hicho.

Upande wa kunusuru nao una majina ya kazi. Mwaka 1939, kabla ya mapigano kuifikia Ufaransa, vioo vya rangi vya kanisa kuu la Chartres viliondolewa madirishani na kupelekwa mbali. Makumbusho ya Louvre ilifunga milango, ikafungasha maelfu ya kazi za sanaa na kuzisambaza mashambani. Mtu anayesimama leo Chartres na kusema kwamba vioo vile vimedumu tangu karne ya 13 hasemi uongo. Ila amewaondoa katika sentensi mafundi waliopanda ngazi na kukilegeza kioo kimoja baada ya kingine.

3. Kauli ya kitenzi kama uamuzi

Wanaisimu wa Kiswahili wamezoea kutofautisha kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Ya kwanza huweza kumbeba mtenda kwa kutumia kiunganishi na: ukuta umevunjwa na askari. Ya pili haimkubali: hatusemi ukuta umevunjika na askari. Kauli ya kutendeka hueleza hali na kuufunga mlango wa swali la nani. Hili hufundishwa kidato cha kwanza na kusahauliwa cha pili.

Vitenzi vya kudumu kwa uzuri karibu vyote vimekaa nyuma ya mlango huo. -Nusurika ni kutendeka kwa -nusuru. Tukisema picha ilinusurika na moto, na hiyo inataja hatari, haimtaji mwokozi. -Salia, ambayo asili yake ni -saa, hueleza kilichobaki baada ya vingine kwisha. -Dumu, tuliyoipata kutoka Kiarabu, haina hata kiambishi cha kutendeka. Kitu chenyewe ndicho kiima na ndicho kinachoonekana kutenda. Uzuri ulidumu: sentensi imekamilika, na hakuna mtu ndani yake. Lakini lugha hiyo hiyo imetupa -dumisha, na kutokana nayo -dumishwa. Ukisema uzuri ulidumishwa, msikilizaji yeyote mwenye masikio atasubiri na.

Mfano wa pili ni wa uchungu zaidi. Kinyarwanda kina -rokora, yaani kuokoa, na -rokoka, yaani kuokoka, jozi inayofanana sana na -okoa na -okoka zetu. Walionusurika mauaji ya 1994 huitwa abarokotse. Mwanafunzi Mnyarwanda anapotafsiri moja kwa moja huandika waliookoka. Msomaji wa Dodoma au Kisumu akisoma hivyo huelewa kwamba hao ni walokole, watu waliompokea Yesu. Nimeliona kosa hili likimchekesha mgeni mbele ya mtu ambaye halikumchekesha hata kidogo. Manusura ndilo neno linalofaa, na linahitaji kufundishwa mapema, kabla mwanafunzi hajatumwa kumwongoza mgeni yeyote.

Na mfano wa tatu, kwa kifupi, ni neno vita lenyewe. Mada ya uzuri uliovuka vita inaingia vizuri Rouen. Kigali inaingia kwa shida. Vita vilivyoanza Oktoba 1990 vilikuwa vita. Yaliyotendwa kuanzia 7 Aprili hadi Julai 1994 yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na mtu anayeyaita vita anatumia, kwa kujua au kwa kutojua, lugha ya wanaoyakana. Hata kimbari si neno lisilo na doa. Mbari ni ukoo, na koo za Rwanda kama Abasinga, Abanyiginya na Abega zilikuwa na watu wa makundi yote matatu. Wauaji hawakufuata ukoo. Neno limeshakubalika na sipendekezi liondolewe, lakini msomaji ajue kwamba linaelekeza mahali pasipo.

4. Mkunazini: tao lenye ncha kwetu

Kuna atakayeuliza kama Gothi ni jambo letu kabisa. Ni letu kwa kiasi. Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, Unguja, limechanganya mtindo wa Kigothi na ule wa Kiislamu, kwa kuwa tao lenye ncha ni mwenyeji wa mitindo yote miwili. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa. Aliyesimamia ujenzi alikuwa Askofu Edward Steere, ambaye wanasarufi tunamfahamu kwa kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha mwaka 1870, na ambaye amezikwa nyuma ya altare. Wageni huambiwa kwamba soko lilifungwa. Lilifungwa na nani? Na Sultani Barghash, chini ya shinikizo la Waingereza. Steere aliyetuchambulia kauli za vitenzi angetambua mara moja kipande kinachokosekana katika sentensi hiyo.

5. Nyarubuye: kanisa na migongo

Rwanda haina kanisa la Kigothi la kulinganishwa na Rouen, na hata kama lingekuwepo, ulinganisho ungekwama mapema. Huko Ufaransa kanisa lilipigwa kutoka angani. Hapa watu walikimbilia makanisani wakiamini kwamba hayataguswa, wakauawa humo ndani na watu waliowajua kwa majina. Nyamata, mwendo wa kilomita 30 hivi kusini mwa Kigali, jengo bado limesimama. Paa la bati lina matundu, na mchana jua hupenya na kudondosha nukta za mwanga juu ya mabenchi yaliyorundikwa nguo za waliouawa. Mwaka 2023 UNESCO iliiorodhesha Nyamata pamoja na Murambi, Gisozi na Bisesero katika Urithi wa Dunia.

Nimewahi kusoma insha ya mgeni aliyeuita mwanga huo mzuri. Huenda mchoraji wa saa na hali ya hewa angeuona vivyo hivyo. Mimi siwezi kukiandika kivumishi hicho, na sidhani kwamba tatizo ni uhaba wa vivumishi katika Kiswahili. Jengo la Nyamata limesalia. Uzuri, kama tunautafuta, uko mahali pengine.

Uko, kwa mfano, kwenye barabara inayoelekea Rusumo, mpakani na Tanzania. Eneo la Nyarubuye, wilayani Kirehe, lina majina mawili katika kumbukumbu za nchi. La kwanza ni la parokia ambako maelfu ya watu waliuawa katikati ya Aprili 1994. La pili ni la sanaa ya imigongo. Inasimuliwa kwamba aliyeianzisha ni Kakira, mwana wa Kimenyi, mfalme wa Gisaka, aliyezipamba kuta za ndani ya nyumba yake. Baadaye ikawa kazi ya wanawake, mama akimrithisha binti.

Jina lenyewe halihitaji kamusi kwa Mswahili: imigongo ni migongo. Ni yale matuta membamba yanayoinuka juu ya ubao kama uti wa mgongo wa mnyama aliyekonda. Wajenzi wa Kigothi nao walihitaji mwili wa kiumbe ili kuyaita mambo yao, wakaiita mihimili ya dari mbavu. Sijui lugha inayojenga bila mifupa.

Malighafi ya migongo hiyo hutupatia tatizo la istilahi. Ni amase, kinyesi kibichi cha ng'ombe, kinachochanganywa na majivu na kupangwa kwa vidole juu ya ubao, mstari kwa mstari, hadi mchoro wa pembe na misharazari utokee. Kikikauka husuguliwa kikawa laini, kisha hupakwa rangi. Za asili ni nyeusi, nyeupe na nyekundu: nyeupe hutokana na udongo mweupe uitwao ingwa, nyekundu na udongo mwekundu, nyeusi na majivu ya maganda ya ndizi yaliyochanganywa na utomvu wa mshubiri. Katika Kinyarwanda amase ni neno la heshima zake, la nyumbani kwa mtu mwenye ng'ombe. Kiswahili kinatupa mavi, ambayo ni matusi katika kibao cha makumbusho. Kinyesi, chenye harufu ya zahanati. Na samadi, inayompeleka msomaji shambani. Mimi hutumia samadi na kueleza. Mwenzangu mmoja anashikilia tuazime amase kama lilivyo, tukiliingiza katika ngeli ya YA-YA, na kila mwaka anakaribia kunishawishi.

Sanaa hii ilikuwa ikififia hata kabla ya 1994. Nyumba za nyasi za duara zilikuwa zimetoweka, na kuta za saruji hazikuiomba. Mauaji yalikaribia kuimaliza, kwa sababu yaliwamaliza waliokuwa nayo mikononi. Kilichofuata hakielezeki kwa -dumu. Wanawake wa eneo lile waliunda ushirika wakaufufua ufundi huo. Waliutoa ukutani wakauweka kwenye vibao vinavyobebeka, na kwa hiyo vinavyouzika. Leo mchoro wa imigongo unaonekana katika hoteli, maofisi na hata vitambaa vya Kigali, mara nyingi kwa rangi za dukani, buluu na kijani ambazo Kakira hakuzijua. Wapo wanaolalamika kwamba huo si ule wa asili. Siko nao. Imigongo ya ukutani ilikuwa inachakaa kwa moshi na migongo ya watu walioiegemea, na ilikuwa inafanywa upya. Kufanywa upya ndiko kulikokuwa asili yake.

Hapa ndipo ule unene wa rangi ya Monet unaporejea. Turubai yake na ubao wa Nyarubuye vyote viwili ni nyuso zilizoinuka, na vyote huishi kwa kivuli kinachosogea na saa za mchana. Lakini turubai imewekewa kamba, na mlinzi amesimama kando yake. Kazi yote inayofanywa juu yake sasa ni ya kuizuia isibadilike. Ubao wa imigongo unabebwa kwa mikono, unauzwa, na kesho yake mwingine unaanzwa kwa samadi mbichi. Vyote viwili vinadumishwa, kwa njia mbili zisizofanana, na Kiswahili tunachofundisha kinaziita zote mbili kudumu.

6. Matini za kumbukumbu

Kinyarwanda kina kitenzi ambacho ningependa tukitazame, -sana. Mtu husana nyumba iliyobomoka. Na tangu 1994 husana mioyo, ndiyo maana huduma za kuwasaidia waliojeruhiwa nafsi huitwa isanamitima. Kitenzi kimoja kinabeba fundi wa paa na mshauri wa manusura. Kiswahili kinatenganisha: tunakarabati kanisa, tunamganga mtu. Na tukifika kwenye kuganga, methali inatuvamia: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali nzuri mno ya kusuluhisha majirani waliogombana kwa ajili ya mpaka wa shamba. Nimeikuta katika rasimu ya tafsiri iliyokusudiwa kusomwa Aprili, katika kipindi cha Kwibuka, nikaomba iondolewe. Katika nchi iliyoliita juma lake la maombolezo Kukumbuka, yaliyopita ni ndwele, na inatibiwa kwa kutajwa.

Pendekezo langu kwa watafsiri ni dogo. Kila wanapokuta kitenzi cha kutendeka, au -dumu na jamaa zake, wajaribu kwanza kauli ya kutendwa na waone kama nafasi baada ya na inaweza kujazwa. Walifariki iwe waliuawa na. Liliharibika iwe liliharibiwa na. Ilinusurika iwe ilinusuriwa na. Mara nyingine nafasi haitajazika, na hapo -salia itakuwa ndilo neno la kweli. Ila mtafsiri awe ameshauliza.

Wiki iliyofuata niliwapeleka wanafunzi wale wale Nyanza ya Kicukiro, ambako si mbali na kwetu. Ndiko walikopelekwa na kuuawa watu waliokuwa wamejihifadhi katika shule ya ufundi ya ETO, baada ya askari wa Ubelgiji waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kuondoka 11 Aprili 1994. Pana pia Bustani ya Kumbukumbu, kazi iliyobuniwa na msanii Bruce Clarke kuanzia mwaka 2000, kwa wazo la jiwe moja kwa kila aliyeuawa, likiwekwa na wale waliobaki. Niliwaomba waandike kibao cha sentensi moja kwa Kiswahili. Wengi waliandika kwamba mawe haya yanadumisha kumbukumbu. Yule wa Kirehe aliandika: "Jiwe hili liliwekwa na", akaacha nafasi ya vidole vinne hivi, akaweka nukta. Nilipomwambia kwamba sentensi haijakamilika, alisema anajua, Jumamosi anakwenda nyumbani, atamwuliza bibi yake.